Emuleta iko wizi? Swali hilo limeulizwa vibaya



Kila mara habari ya emuleta ikitokea, watu wanagawanyika mara moja. Wa kwanza banasema: emuleta ni wizi, basi. Wa pili wanajibu: hapana, emuleta iko halali, tribinali ya Marekani ilishasema hivyo tangu zamani. Kila mmoja anarudia yake, halafu watu wanachoka, wanaenda kulala.

Mimi naona wote wawili wanakosea, na kosa lao si dogo, juu sheria zetu za kidijitali zingali zinaandikwa, na watakaozijaza ni watu wa umri wetu. Kwa hiyo leo nataka tuchukue kesi moja, ile ya Nintendo na Yuzu ya 2024, tuisome kama tunavyosoma kitabu: inasema nini, inanyamazia nini, na wanaoitaja wanaitafsiri namna gani.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Emuleta ni programu inayofanya kompyuta au simu ijifanye mashine ingine. Mchezo wa video uliandikwa kwa ajili ya konsoli fulani. Emuleta inasimama katikati, inatafsiri kila amri, na mchezo unaamini uko ndani ya konsoli yake. Wengi wetu tunaijua kwa njia ya PPSSPP, ile inayochezesha michezo ya PSP kwenye simu ya Android tangu 2012. Mwanafunzi ambaye hajawahi kugusa PSP kwa mkono wake anacheza mpira wa PSP kwenye simu, kwenye foleni ya kulipa minerval. Emuleta ni kitu kimoja, na faili ya mchezo ni kitu kingine. Mtu akichanganya hivyo viwili, mazungumzo yote yanaharibika.

Sasa tuanze na wale wanaosema "tribinali ilishasema". Wanataja kesi ya Sony na Connectix. Januari 1999, kampuni ndogo ya Connectix ilitangaza programu iliyoitwa Virtual Game Station, iliyochezesha michezo ya PlayStation kwenye kompyuta za Macintosh. Sony ikaenda tribinali. Shida ilikuwa hii: ili kuelewa PlayStation inafanya kazi namna gani, mainjinia wa Connectix walikopia mara nyingi BIOS ya Sony, yaani ile programu ya ndani inayowasha mashine. Lakini ndani ya programu waliyouza, hamkuwa na mstari hata mmoja wa Sony. Walijifunza, halafu wakaandika ya kwao.

Jaji wa kwanza alisimamisha mauzo. Tarehe 10 Februari 2000, majaji wa rufaa wa San Francisco wakageuza uamuzi huo. Walisema kukopia programu ili kujifunza tu namna inavyofanya kazi, kusudi mtu atengeneze kitu kipya kinachopatana nayo, ni matumizi ya haki. Walikuwa wanafuata njia iliyofunguliwa 1992 katika kesi ya Sega na Accolade. Mwaka uleule wa 2000, kampuni ya Bleem nayo ilimshinda Sony katika rufaa, lakini hapo jambo lilikuwa matangazo: je, Bleem inaweza kuonyesha picha za michezo ya Sony ili watu walinganishe? Majaji wakasema ndiyo.

Hukumu ya Connectix iko nzuri, na mimi naikubali. Inatofautisha wazo na maandishi: namna mashine inavyofanya kazi haina mwenyewe, maandishi ya programu yana mwenyewe. Lakini angalia vile ambavyo haikusema. Haikusema kila emuleta iko halali. Haikusema unaweza kushusha mchezo bure kwenye intaneti. Na zaidi ya yote, haikugusa jambo la kufuli, juu Sony haikuwa imewashtaki kwa kuvunja kufuli. Mtu anayetumia Connectix kumtetea Yuzu anajibu swali ambalo Nintendo haikuuliza.

Kuna jambo lingine ambalo wapenda emuleta hawapendi kulitaja. Connectix ilishinda, lakini 2001 Sony ilinunua Virtual Game Station na kuifunga. Bleem ilishinda, lakini mwaka huohuo ilifunga milango, imemalizwa na gharama za mawakili. Kwa hiyo ile sheria nzuri ilibaki kwenye karatasi, na walioipigania wakapotea. Tukumbuke hilo, tutalihitaji mbele.

Tuje kwa Yuzu. Ilikuwa emuleta ya Nintendo Switch, ilianza kutoka Januari 2018, haijafika mwaka mmoja tangu Switch yenyewe iuzwe. Tarehe 26 Februari 2024, Nintendo ilishtaki Tropic Haze, kampuni iliyokuwa nyuma ya Yuzu, katika tribinali ya Rhode Island. Tarehe 4 Machi, siku saba tu baadaye, jambo likawa limekwisha: Yuzu inafungwa, na Tropic Haze inakubali kulipa dola milioni 2.4. Citra, emuleta ya Nintendo 3DS iliyotengenezwa na watu walewale, ikafa pamoja nayo.

Tusome vizuri mashtaka ya Nintendo, juu yaliandikwa kwa akili. Hawakusimama juu ya kukopia, mahali Connectix alishinda. Walisimama juu ya sheria ya Marekani ya 1998, ile DMCA, ambayo inakataza kutengeneza na kugawa chombo cha kuvunja kufuli linalolinda kazi ya mtunzi. Michezo ya Switch imefungwa kwa siri ya namba. Bila funguo, faili ni takataka tu. Yuzu haikuwa na funguo hizo ndani yake. Mtumiaji alipaswa kuzileta mwenyewe, na tovuti ya Yuzu ilimwelekeza namna ya kuzitoa kwenye konsoli yake. Nintendo ikasema: hiyo haibadilishi kitu, juu emuleta njo inachukua funguo na kufungua mchezo, kila mara, mbele ya macho yetu.

Na Nintendo ilikuwa na ushahidi wenye kuuma. Mchezo wa Zelda: Tears of the Kingdom ulipaswa kutoka tarehe 12 Mei 2023. Ulivuja kabla. Kwa hesabu ya Nintendo, ulishushwa zaidi ya mara milioni moja kabla ya siku ya kutoka, na katika muda huohuo idadi ya watu wanaolipa Yuzu kwenye Patreon iliongezeka mara mbili. Hapa wale wanaosema "Yuzu walikuwa wanahifadhi historia" wananishinda kuelewa. Mchezo ambao haujatoka dukani hauna historia ya kuhifadhiwa. Ukikusanya pesa kila mwezi wakati ambapo wateja wapya wanakuja kwa ajili ya kitu kilichoibwa, huwezi kushangaa mlango ukigongwa.

Lakini sasa niwageukie na wale wa kwanza, wanaosema kesi ya Yuzu imeonyesha emuleta ni wizi. Imeonyesha wapi? Hakuna jaji aliyesikiliza pande mbili. Hakuna mtaalamu aliyehojiwa. Tropic Haze ilikubali kutia sahihi kwamba Yuzu ilitengenezwa hasa kwa kuvunja kufuli, na tribinali ikapitisha makubaliano hayo. Mtu anayetia sahihi baada ya siku saba mbele ya kampuni kubwa hivyo amefanya hesabu ya mfuko wake, na hesabu ya mfuko si hoja ya sheria. Makubaliano ya namna hiyo yanafunga waliotia sahihi. Hayamfungi jaji wa kesi ingine.

Na kulikuwa na swali zuri la kumpa jaji. DMCA yenyewe ina kipengele kinachomruhusu mtu kupita kufuli ikiwa lengo lake ni moja tu: kufanya programu aliyoandika mwenyewe ipatane na programu zingine. Je, emuleta inaingia humo? Je, mtu aliyenunua mchezo na konsoli kwa pesa yake, akatoa funguo kwenye mashine yake, ameiba kwa nani? Hayo maswali yangali yananing'inia mpaka leo. Njo maana nasema kesi ya Yuzu, kama maandishi ya sheria, ni kitabu chenye jalada na bei, lakini bila ukurasa ndani.

Sasa, kuna neno ambalo watu wanalitupa ovyo: "sheria ya kimataifa inakataza". Hakuna sheria moja ya dunia juu ya jambo hili. Kuna mikataba, na Kongo yetu imo: tuko ndani ya Mkataba wa Berne tangu 1963. Lakini Berne inasema ulinzi unafuata sheria ya nchi ambamo mtu anaomba ulinzi. Kwa hiyo kitendo kilekile kinapimwa tofauti kufuatana na mahali.

Chukua Ulaya. Tangu 1991 kuna agizo la Umoja wa Ulaya juu ya programu za kompyuta, linaloruhusu kufungua programu ili ya kwako ipatane nayo, na mkataba wa kampuni hauwezi kukunyima haki hiyo. Uko karibu sana na roho ya Connectix. Lakini Januari 2014, katika kesi ya Nintendo na PC Box iliyotoka Milano, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema mchezo wa video unapita programu: una picha, sauti, hadithi, basi unalindwa pia na sheria ngumu zaidi ya haki za watunzi. Halafu ikaongeza jambo ambalo Marekani haina kwa uwazi huo: kufuli lazima liwe la kipimo. Jaji aangalie kama kulikuwa na njia ingine ya kulinda mchezo bila kuzuia matumizi halali, na aangalie watu wanatumia kile chombo kwa kufanya nini kwa kweli.

Hata ndani ya mji mmoja majaji hawakupatana. Desemba 2009, tribinali ya Paris iliwaachilia wauzaji wa vile vikadi vya kuchezesha faili kwenye Nintendo DS. Septemba 2011, majaji wa rufaa wa Paris hapohapo wakawatia hatiani. Vikadi ni vilevile, sheria ni ileile, mji ni uleule.

Australia nayo ina somo lake. Oktoba 2005, mahakama kuu ya nchi ilimpa haki muuzaji wa vipande vya kufungua PlayStation, katika kesi ya Stevens na Sony. Sababu yao ilikuwa safi: kufuli la Sony halizuii kukopia, linazuia tu kucheza kopi, na kucheza peke yake si kosa la haki za mtunzi. Lakini nchi ilikuwa imeshatia sahihi mkataba wa biashara huru na Marekani, na 2006 bunge likabadilisha sheria. Hukumu ya majaji haikudumu mbele ya mkataba wa biashara. Tukumbuke na hilo.

Na mara nyingine hata tribinali haihitajiki. Ryujinx ilikuwa emuleta ingine ya Switch, na msanidi wake mkuu anaishi Brazil. Oktoba 2024, Nintendo iliwasiliana naye, ikampa makubaliano, na kazi ikasimama. Mei ya mwaka huohuo, kwa barua moja tu kwa GitHub, kopi 8,535 za kazi ya Yuzu zilitolewa. Mwanafunzi aliyekuwa na kopi hapo ili asome programu imeandikwa namna gani, awe wa Hanoi ao wa Kisangani, alipimwa kwa sheria ya Marekani, juu duka la kuhifadhi kazi yake liko Marekani. Hapa njo mahali ubishi wetu unapotea njia. Tunabishana kama nchi fulani inaruhusu ao inakataza, wakati anayeamua kwa kweli ni mwenye jukwaa, na mwenye jukwaa anaogopa sheria ya kwao.

Na Kongo? Sheria yetu ya haki za watunzi ni ile ya tarehe 5 Aprili 1986. Iko na miaka 12 zaidi ya DMCA. Ilizaliwa wakati muziki ulikuwa kwenye kaseti. Tarehe 13 Machi 2023 tumepata Code du numérique. Na kwa upande wa Shirika la Biashara la Dunia, nchi maskini zaidi, na sisi tumo, zimepewa muda mpaka tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutimiza sehemu kubwa ya masharti ya haki za ubunifu. Maana yake, tungali na nafasi ya kufikiri. Lakini nafasi hiyo inaweza kupotea bure kwa njia mbili: tukilala, ao tukikopia sheria ya wengine ya kufuli bila kukopia milango yake ya dharura.

Mimi ni mtu wa kilimo, na kwetu vita hii tunaijua kwa jina lingine: mbegu. Mkataba wa UPOV wa 1991 unampa aliyezalisha aina mpya ya mbegu haki juu yake. Lakini ndani ya mkataba huohuo, ambao wakulima wengi wanaulaumu kwa ugumu, kuna mlango usiofungwa: mtafiti mwingine anaweza kuchukua mbegu inayolindwa na kuitumia kuzalisha aina mpya bila kuomba ruhusa. Bila mlango huo, uzalishaji wa mbegu ungekufa, juu hakuna anayeanza kutoka sifuri. Connectix ni mlango huo upande wa programu.

Na kufuli tunalijua vilevile. Machi 1998, mwaka uleule wa DMCA, kampuni ya Delta and Pine Land pamoja na wizara ya kilimo ya Marekani walipewa hataza ya mbegu ambayo mavuno yake hayaoti tena. Shirika la RAFI liliipa jina Terminator. Hapo hapakuhitajika sheria wala jaji: mmea wenyewe unakataa. Makelele yalikuwa makubwa mpaka 1999 Monsanto ikaahidi kutoiuza. Kumbe watu walielewa jambo moja: sheria ina mwisho na ina ruhusa za pembeni, lakini kufuli halijui ruhusa wala mwisho. Haki ya mtunzi itaisha siku moja. Siri ya namba haitaisha yenyewe. Kwenye mbegu tuliliona haraka, juu tumbo linasikia. Kwenye michezo watu wanacheka, banasema ni mambo ya watoto.

Si ya watoto. Julai 2023, Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa uchunguzi: asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haiuzwi tena kwa njia halali. Hata ukitaka kulipa, hakuna wa kumlipa. Oktoba 2024, ofisi ya haki za watunzi ya Marekani ilikataa ombi la maktaba la kuwaonyesha watafiti michezo hiyo kwa mbali. Yaani mtafiti apande ndege aende akaikute. Kwa michezo ya namna hiyo, emuleta njo maktaba pekee iliyobaki, na kuiita wizi ni kumwita mlinzi mwizi kwa sababu tu ana funguo.

Lakini tusijidanganye upande wetu. Kuna hoja moja tunaipenda sana: sisi ni maskini, konsoli ni bei ya miezi mingi, basi kila kitu ni ruhusa. Hoja hiyo inaeleza kwa nini tunafanya. Haionyeshi kwamba ni haki. Wanamuziki wetu wanaijua vizuri. Nyimbo zao zinajazwa kwenye kadi za kumbukumbu mtaani, anayejaza anapokea faranga, aliyeimba hapokei kitu. Yule anayejaza simu michezo 50 kwa pesa hatetei historia. Anauza kazi ya wengine. Na kesho, mmoja wa promosiyo yetu akiandika programu ya kupima udongo ao mchezo wa Kiswahili, atajazwa kwenye kadi ileile, na hatutakuwa na mdomo wa kusema.

Kwa hiyo naomba tuache lile swali la "emuleta iko wizi?" Tuulize matatu mengine. Moja: ndani ya programu hiyo muko maandishi ya mtu mwingine, ao mtu amejifunza akaandika ya kwake? Mbili: kufuli linalinda mauzo yanayoendelea, ao linafunga kitu ambacho mwenyewe ameshakitupa? Tatu: nani anapata pesa, na anaipata kwa kazi yake ao kwa kazi ya mwingine? Kwa maswali hayo, Connectix anapita. PPSSPP inapita. Maktaba inapita. Yuzu inapita swali la kwanza, inakwama kwa la pili, na kwa la tatu inatoa jasho. Muuza michezo ya mtaani anaanguka mapema.

Wale kati yetu waliosoma droit, na wale walio kwenye ofisi za wabunge, kazi iko kwenu. Siku sheria ya 1986 itakapofunguliwa, mtu ataleta kifungu cha kufuli kilichokopiwa kutoka nchi ingine, na kitapita usiku bila kelele. Muwe mumeshaandika pembeni yake ruhusa nne: kujifunza, kupatanisha programu, kuhifadhi, na kutumia ulichonunua. Zote nne ziko tayari kwenye sheria za wengine, kila moja mahali pake. Sisi tuna bahati ya kuandika wa mwisho, na anayeandika wa mwisho anapaswa kuwa amesoma makosa ya waliotangulia.

Asiyekubali, alete hoja. Ila asinijibu kwa "tribinali ilishasema".